Kupima daraja la sarafu kuukuu ya fedha kwa picha tu

Ukiwa Nairobi na muuzaji yuko Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, sarafu huishiki mkononi kabla ya kutuma pesa. Kinachokufikia ni picha mbili kwenye WhatsApp, pengine tatu, pamoja na maneno "iko safi sana". Rupia ya mwaka mmoja, kutoka kiwanda kimoja, huuzwa kwa bei zinazoachana mara kadhaa kati ya iliyolika na ambayo haijaguswa, kwa hiyo kukosea daraja ni kupoteza pesa. Hapa tunaeleza namna ya kulisoma daraja hilo kabla hujaifungua M-Pesa.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Picha husema kweli kuhusu kulika kwa mchoro, na hudanganya kuhusu ngozi ya sarafu. Nywele za malkia zikishafutika, hakuna taa itakayozirudisha. Lakini alama za brashi, mng'ao uliokufa, mahali palipochomelewa kitanzi cha mkufu, vyote hivyo hupotea taa ikisogezwa kidogo tu. Ndiyo maana madaraja ya chini hadi VF (herufi hizi zinaelezwa hapa chini) huweza kusomwa kwenye picha nzuri bila kukosea zaidi ya hatua moja, lakini kati ya EF na UNC picha tuli haitoshi hata kwa mtu mwenye jicho kali.

Madaraja yenyewe

Wauzaji hutumia herufi za Kiingereza, na wanaofuata Wamarekani huongeza namba za kipimo cha Sheldon, kinachokwenda 1 hadi 70. G (Good) ni sarafu iliyobaki na umbo la nje na maandishi, ndani ya mchoro hakuna kitu. Namba yake ni 4. VG (Very Good), namba 8, ina mistari michache mikubwa ndani ya mchoro. F (Fine), namba 12, imelika pote lakini karibu nusu ya michoro ya ndani inaonekana. VF (Very Fine) huanzia 20 hadi 35: sehemu zilizoinuka zimelala, zilizo chini yake bado ni kali. EF (Extremely Fine), 40 na 45, imelika kwenye ncha za juu pekee. AU (About Uncirculated), 50 hadi 58, ina mguso tu kwenye ncha hizo, na mng'ao wa kiwandani umebaki sehemu kubwa ya uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na mchoro. UNC (Uncirculated), kuanzia 60, haijalika kabisa, ingawa yaweza kuwa na alama za kugongana na wenzake ndani ya gunia.

Uliza muuzaji anafuata kipimo cha nani. Uingereza huwa na mkono mzito zaidi: EF ya mfanyabiashara wa London mara nyingi ni AU kwa Mmarekani, na VF yake hukaribia EF ya Marekani. Ukilinganisha bei za pande hizo mbili bila kujua hili, utalipa pesa ya EF kwa sarafu ya VF.

Isome taa kabla ya sarafu

Watu wengi hukimbilia uso wa mfalme. Anza na kivuli cha herufi. Tazama maandishi ya pembeni: kivuli kimeanguka upande gani, na ni kirefu kiasi gani? Kama kivuli ni kipana kuliko unene wa mstari wa herufi yenyewe, taa ilikuwa chini sana, karibu na meza. Mwanga wa namna hiyo huchimba mchoro na kuufanya uonekane mrefu kuliko ulivyo. F ikapendeza kama VF. Papo hapo hukuza kila mkwaruzo, kwa hiyo sarafu nzuri yaweza kuonekana imechakazwa. Picha ya taa ya chini isikupe daraja. Ikupe orodha ya majeraha ya kuulizia.

Kama hakuna kivuli kabisa, mwanga ulikuwa laini: dirisha lisilo na jua, au taa iliyopitishwa kwenye karatasi nyeupe. Picha hii ndiyo bora ya kuhesabu nywele, manyoya na lulu za taji, na rangi yake huaminika zaidi. Ubaya wake ni kwamba mng'ao na mikwaruzo myembamba hupotea. Sarafu iliyosuguliwa kwa dawa ya meno huonekana ya heshima kabisa kwenye mwanga wa dirisha, na wauzaji wengine wanalijua hilo. Skana ya ofisini ni mbaya zaidi: hufanya kila kitu kiwe kijivu, hata AU halisi ikaonekana kama VF iliyochoka. Picha ikiwa ya skana na mchoro wake ni mkali, usiikatae sarafu hiyo. Omba picha nyingine.

Mwanga unaotoka juu, karibu na lenzi, hulalisha mchoro lakini huamsha ngozi. Hapo ndipo mng'ao wa kiwandani hujitokeza kama vipande viwili vya mwanga vilivyotandaa kutoka katikati kwenda ukingoni, kila kimoja upande wake. Mng'ao huo hutokana na mistari midogo sana ambayo chuma huacha kinapotiririka chini ya pigo la muhuri, nayo huelekea nje kutoka katikati. Sarafu iliyong'arishwa imepoteza mistari hiyo. Hiyo hutoa mwanga wa kioo, wenye mabaka, usiotandaa kwa mpangilio.

Sasa angalia karatasi iliyo chini ya sarafu. Ikiwa ni ya manjano, usisome rangi ya fedha kwenye picha hiyo. Ikiwa imeungua kwa weupe hata chembechembe za karatasi hazionekani, basi mwanga umezidi, na mikwaruzo ya uwanjani imeungua pamoja nayo. Na mfalme akionekana amezama ndani badala ya kuinuka, mwanga ulitoka chini ya picha. Igeuze kichwa chini miguu juu, jicho litarekebika.

Ukubwa wa picha

Rupia ya India ina kipenyo cha karibu milimita 30.5. Ikichukua pikseli 1,000 kwenye picha, kila milimita ina pikseli 33 hivi, na mkwaruzo wenye upana wa sehemu ya ishirini ya milimita unapata pikseli moja na nusu: utauona. Ikichukua pikseli 300 tu, mkwaruzo huohuo ni nusu ya pikseli, na haupo tena. Kwa hiyo pikseli 1,000 kwenye kipenyo ndicho kiwango cha chini. WhatsApp hupunguza picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Faili likitumwa kama dokyumenti hufika lilivyo.

Kuza picha utazame kingo za herufi. Ukiona uzi mweupe umezizunguka, simu imeinoa picha yenyewe, na zile "nywele" unazoziona kichwani mwa mfalme zinaweza kuwa chembe za kamera. Simu zenye urembo wa kulainisha nyuso hufanya kinyume: hufuta mikwaruzo pamoja na mng'ao, uwanja ukabaki laini kama plastiki. Picha za aina zote mbili hazifai kwa lolote zaidi ya kutambua ni sarafu gani.

Ujumbe wa kuomba picha uwe mfupi na wa adabu, maana wazee wengi wanaouza hawajazoea maswali mengi:

"Shikamoo mzee. Naomba picha za rupia ile: upande wa kichwa, upande wa thamani, na ubavu wake wote. Iweke kwenye karatasi nyeupe pamoja na rula. Halafu naomba video ya sekunde kumi ukiigeuza polepole chini ya taa moja. Ukinitumia kama dokyumenti nitashukuru. Kama una mizani, uzito pia."

Video hiyo ya sekunde kumi inazidi picha kumi. Mikwaruzo myembamba huonekana pale tu mwanga unapoikata kwa upana. Ukiufuata urefu wake, haionekani. Ndiyo maana sarafu iliyosuguliwa huonekana safi ukiwa umeielekeza upande mmoja na kuchafuka ghafla ukiigeuza robo. Kama video haiwezekani, omba picha mbili, taa isisogezwe, sarafu izungushwe robo. Vile vipande viwili vya mng'ao vikibaki palepale mbele ya taa huku mchoro umezunguka, ngozi ni ya asili.

Ncha za kila sarafu

Kila mchoro una sehemu zinazogusa meza na vidole kwanza. Hizo ndizo za kukuza kwenye skrini, na hutofautiana kwa kila sarafu. Hizi ndizo unazokutana nazo zaidi huku kwetu.

Rupia ya Victoria, uzito gramu 11.66, fedha asilimia 91.7, ndiyo iliyoenea sana, kwa kuwa rupia ndiyo iliyotumika wakati wa ujenzi wa reli kutoka Mombasa kati ya 1896 na 1901, ikaendelea kuwa pesa ya nchi hadi 1920. Angalia mapambo ya nguo begani na kifuani, nywele zilizo juu ya sikio, na vito vya taji. Nguo hulika mapema. Maua ya nguo yakibaki kwenye mikunjo ya chini tu, hiyo ni F. Yakisomeka yote isipokuwa kilele cha bega, ni VF. Kwa EF, maua yawe kamili na ubapa uwe mdogo juu ya sikio na kwenye nyusi. Usidanganyike na taji: vito vyake viko ndani ya mistari ya kinga, hivyo hubaki vikali hata bega likiwa limeshafutika.

Edward wa Saba, 1903 hadi 1910, hana taji kwenye rupia. Kichwa kitupu hakina pa kujificha: sikio, nywele zilizo juu yake na ndevu hulika pamoja. Tazama ukingo wa sikio. Ukiwa umeungana na shavu, usipite F hata kama muuzaji anasifu upande wa pili. Upande wa thamani wa sarafu hii huhifadhika vizuri zaidi, na mara nyingi ndio unaotumwa peke yake. Picha ya upande mmoja ihesabiwe kuwa hakuna picha.

George wa Tano ana taji na joho, na kwenye joho kuna tembo mdogo. Kwenye rupia za 1911 mkonga wake ulichorwa mfupi hata watu wakamwona ni nguruwe, malalamiko yakaja, na kuanzia 1912 ukarekebishwa. Kwa anayepima daraja, tembo huyo ni zawadi: miguu na mkonga vikitengana waziwazi, sarafu ni VF kwenda juu; akiwa donge tu, ni F au chini.

Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina uzito uleule wa gramu 11.66. Wilhelm wa Pili amevaa helmeti yenye tai juu yake. Anza na tai huyo na manyoya ya mabawa yake, kisha masharubu na mapambo ya kifua. Rupia za 1890 hadi 1902 zina simba na mnazi upande wa pili, na mwili wa simba ndio hulala kwanza. Zile za 1904 hadi 1914 zina thamani ndani ya shada, na hapo kuza majani ya shada hilo.

Shilingi ya Afrika Mashariki inahitaji subira. Kuanzia 1921 hadi 1946 ilikuwa na fedha robo tu, asilimia 25, uzito gramu 7.78, na kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Kwenye upande wa simba, kuza bega, mbavu na paja la nyuma, halafu mpaka kati ya manyoya ya shingo na mwili. Kwa kuwa shaba ni nyingi ndani yake, kulika hujionyesha pia kwa rangi: mahali palipolika hugeuka manjano au wekundu wa shaba, huku uwanja ukibaki mweupe au wa kijivu. Karatasi ikiwa nyeupe kweli kwenye picha na mbavu za simba zina joto la shaba, hiyo si AU, hata kama kila unywele uko mahali pake.

Reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye sura ya malkia huyo, ni jambo la peke yake. Zote zina mwaka 1780, lakini zimeendelea kupigwa Vienna na miji mingine kwa zaidi ya karne mbili, kwa hiyo kung'aa kwake hakumaanishi umri. Uzito ni gramu 28.07, kipenyo karibu milimita 40, fedha asilimia 83.3. Kwenye aina ya kawaida bizimu ya begani ina lulu 9 zinazohesabika, na wafanyabiashara wa zamani wa Bahari ya Shamu walizihesabu kweli. Lulu zikiungana kuwa pete moja, umeshuka hadi F. Upande wa pili, kuza manyoya ya kifua na mabawa ya tai mwenye vichwa viwili. Hapa ubavu ni wa lazima kwenye picha: unapaswa kuwa na mapambo na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA. Mstari wa kiungio unaozunguka ubavu ni dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu, na hapo hakuna daraja la kujadili.

Kulika, au pigo hafifu?

Sarafu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na sehemu ambazo chuma hakikujaa ndani ya muhuri. Sehemu hiyo ni bapa, na anayeanza huiita kulika. Kuna tofauti tatu za kutazama. Kulika huanza kwenye ncha ya juu na kushuka taratibu. Pigo hafifu laweza kuwa bapa mahali pamoja huku ncha ya jirani yenye urefu uleule ni kali. Ubapa wa pigo hafifu huwa na rangi na mng'ao wa uwanja, ubapa wa kulika huwa wa kijivu kilichokufa. Tena pigo hafifu mara nyingi lina mwenzake upande wa pili, mahali palepale, kwa sababu chuma kilikosa kwa pande zote mbili. Hilo la tatu ndilo linalosomeka vizuri zaidi kwenye picha.

Usafi unaoharibu

Sarafu iliyopita mikononi miaka mingi huwa na weusi kuzunguka herufi na ndani ya mikunjo, na weupe kiasi kwenye ncha. Sarafu yenye mchoro wa F lakini nyeupe pote kama sahani mpya imesuguliwa, haijalishi muuzaji anasema nini. Kanuni hii peke yake itakuokoa mara nyingi. Majivu, limau, dawa ya meno na waya wa sufuria huacha mistari inayokwenda pamoja upande mmoja, inayovuka uwanja na kuruka juu ya mchoro bila kukatika. Mikwaruzo ya matumizi ya kawaida hukatana ovyo. Kemikali ya kuchovya haiachi mistari, lakini hula ngozi: uwanja huwa mweupe usio na uhai, na mara nyingine vumbi jeusi hubaki ndani ya herufi ndogo ambako dawa haikufika.

Mstari ukionekana umevuka sarafu na kuendelea nje ya ukingo wake, uko kwenye plastiki. Omba itolewe kwenye mfuko na ipigwe upya.

Rangi za upinde pia zipimwe. Za asili huanzia ukingoni na kuingia ndani kidogokidogo, na kadiri miaka inavyokwenda rangi huwa manjano kwanza, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu kali iliyokaa juu ya ncha zilizolika na juu ya mikwaruzo imekuja baada ya majeraha hayo, na mara nyingi imepikwa kwa salfa.

Halafu mapambo. Rupia na reale zilivaliwa shingoni na vichwani kote pwani na kaskazini, na hilo ndilo jeraha la kutarajia kuliko yote. Kuza ukingo juu ya kichwa, mahali pa saa sita, na mkabala wake chini. Tafuta meno ya ubavu yaliyokatika kwa urefu wa milimita 3 hadi 5, donge la risasi ya kulehemu, uwanja uliopikwa na moto ukawa na rangi ya pekee, au duara dogo laini ambapo tundu limezibwa. Manjano ndani ya herufi yaweza kuwa mabaki ya dhahabu ya kupaka. Sarafu ya namna hii haipewi daraja kamili. Andika "michoro ya VF, ilikuwa kidani", na bei ishuke chini sana.

Kuandika daraja na kutoa bei

Andika kila upande peke yake, kichwa kwanza: VF/F, kwa mfano. Usitafute wastani. Kisha andika upana wa shaka yako: picha laini, kubwa, pande mbili na ubavu hukupa hatua moja ya shaka, picha ya WhatsApp ya kawaida hukupa hatua mbili. Bei yako ifuate mwisho wa chini wa upana huo. Muuzaji anayetaka bei ya juu atatuma video, na shaka itapungua yenyewe.

Kwa madaraja ya F kushuka, fedha yenyewe ndiyo sakafu ya bei. Rupia nzima ina gramu 10.69 za fedha halisi, reale gramu 23.4, shilingi ya robo gramu 1.94 tu. Linganisha pia uzito na kulika: rupia ya EF ikisoma gramu 11.2 kwenye mizani ya muuzaji, ama mizani ni mbovu ama sarafu si yenyewe, kwa kuwa upungufu wa karibu nusu gramu huja na uso uliofutika.

Kubaliana kwa maandishi, kabla ya malipo, kwamba sarafu irudishwe ndani ya siku chache ngozi ikiwa tofauti na video. Kifurushi kikifika, ipige sarafu picha kwa taa ileile ya muuzaji kabla ya kuigusa kwa vidole vitupu, uziweke picha hizo mbili kando kwa kando, kisha uizungushe robo.